Shingo ya Mafuru

Mwanangu, siku niliyopigwa ngumi na mteja wangu mwenyewe naikumbuka mpaka leo, na nitakusimulia bila kuficha kitu, maana nilistahili.

Wakati huo nilikuwaga kinyozi pale Mukendo, Musoma mjini, kando ya soko, kijana wa miaka ishirini na nne, mikono ina nguvu na mdomo una nguvu zaidi. Kunyoa nilijua, lakini sifa yangu haikuwa wembe. Sifa yangu ilikuwa shingo. Nikimaliza kumnyoa mtu namkanda kichwa, nashuka mabegani, halafu namwanzishia hadithi ya kuchekesha. Akicheka tu, shingo imelegea, nashika kidevu, nazungusha: kwa! Kulia. Kwa! Kushoto. Mtu anaruka, anajipapasa, anakuta kichwa bado kipo, anasema, "Aisee, nimekuwa mpya!" Watu walitoka mpaka Bugwema kufuata huo mlio. Nami nikavimba kichwa, nikajiona daktari. Usicheke, hata wewe una mahali pako unapojiona daktari.

Nilikuwa na rafiki, Mafuru, tuliyekua naye kijiji kimoja kando ya ziwa. Yeye alikuwa mvuvi. Mwaka ule upepo wa ghafla ulipindua mtumbwi wao, na mwenzake mmoja asiyejua kuogelea akamkumbatia shingoni kwa nguvu zake zote. Mafuru alizama naye, akaibuka naye, akazama tena, mpaka ile mikono ikaachia yenyewe. Mafuru aliokolewa. Mwenzake tukamzika. Baada ya hapo Mafuru hakutaka tena kuona wavu, akahamia mjini na mkewe Nyamisi na binti yao Nyangeta, wa miaka mitatu, akawa anauza dagaa sokoni.

Ungemwona ungesema amepona. Anatania, anacheka, ugali wa muhogo anaumaliza na sahani anaifuta. Lakini shingo yake haikugusika. Hata kifungo cha juu cha shati hakukifunga, kanisani wala msibani. Sasa Nyangeta, kama watoto wote, alipenda kuning'inia shingoni kwa baba. Siku moja akamrukia kwa nyuma, na Mafuru kabla hajajua anafanya nini akawa ameshamtupa. Mtoto aliangukia kona ya stuli, paji la uso likavimba. Alilia mtoto, akalia na baba, na aliyechelewa kunyamaza ni baba.

Kesho yake alikuja kwangu. Akaniambia, "Ndugu yangu, naiogopa mikono yangu. Iko siku nitamuua mtoto wangu mwenyewe. Afadhali niende Bunda kwa kaka, niishi mbali nao."

Mtu anakuletea jambo zito namna hiyo, na mimi nikaona nini? Nikaona shingo iliyokaza! Nikamwambia akae nimnyoe kwanza, mengine tutayaongea. Nilikuwa nimemaliza upande mmoja wa kichwa nilipomkumbusha yule katekista wetu aliyefukuzwa na bata mzinga siku ya ubatizo. Mafuru akacheka kidogo. Sikungoja. Nikashika kidevu.

Ule mlio wa "kwa!" haukutoka. Ilitoka ngumi, ikatua puani kwangu, kiti kikaenda huku, kioo kule, na Mafuru akatimua mbio katikati ya soko, kichwa nusu kina nywele nusu hakina, kitambaa cha kunyolea kinapepea mgongoni. Soko zima lilicheka. Na mimi nilicheka, pua inavuja damu, nikajitapa kwamba akirudi namalizia upande wa pili.

Hakurudi. Jioni alikuja Nyamisi, Nyangeta yuko mgongoni. "Shemeji, umemfanya nini mwenzako? Amechukua nguo zake ameenda Bunda. Anasema kama hata wewe unamkaba, hana pa kukaa." Mtoto akachungulia begani kwa mama yake, akaniuliza baba yuko wapi. Mwanangu, nilishika ufagio nikaanza kufagia nywele za baba yake. Niliona aibu.

Dada yake baba yangu, Shangazi Nyabise, alikuwa mkandaji wa wazazi kule Mwitongo, Butiama. Mwanamke akijifungua, huyo ndiye aliyeitwa kumkanda kwa maji ya moto. Nikasema huyu hakosi dawa ya kulegeza shingo. Nikaenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakunigombeza. Akauliza kama nimekula. Halafu akaniambia, "Haya, mkamulie kwanza yule ng'ombe mwekundu."

Yule ng'ombe alikuwa ameibwa, akachapwa njia nzima, akapatikana siku ya tatu. Mimi sikujua. Nikachuchumaa, nikadaka chuchu kwa nguvu zangu za Mukendo. Wee! Nilipigwa teke, kibuyu kikabingirika, nami nikakalia mavi mabichi. Shangazi alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi.

"Mtu amekupiga ngumi hukuelewa," akasema akijifuta machozi, "nikaona labda ng'ombe atakueleza vizuri. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe unamvizia mtu aliyekabwa, unamshika shingo, halafu unashangaa pua inavuja!"

Akaja mwenyewe. Hakupitia nyuma, alisimama pale ng'ombe anapomwona. Akamsemesha. Akaweka mkono ubavuni, ngozi ikatetemeka, akautoa. Akaweka tena, akautoa. Mara ya nne au ya tano ngozi ikatulia. Maziwa yalipotoka, hata mimi nilihema.

Baada ya chakula akanyoosha miguu yake mkekani, akanipa samli, akaniamuru nimkande nyayo. "Nikisema basi, unaachia." Kazi rahisi, sivyo? Nikakanda. Akasema basi. Nami nikateleza kidogo tu, nimalizie kidole kilichobaki. Akanichapa mkono! Tukaanza upya. Basi. Nikamalizia kidogo tena. Akanichapa tena.

"Hicho kidogo chako," akaniambia, na safari hii hakucheka, "ndicho kilichomfukuza mwenzako. Kule majini mwili wake ulisema basi, haukusikilizwa. Mwili huo ukisema basi tena kwako, nawe usiposikia, unamrudisha ziwani. Kazi yako si kuvunja shingo. Kazi yako ni kuufundisha mwili wake kwamba sasa ukisema, unasikika."

Nilikaa kwake siku nne, nikachapwa mpaka nikajifunza kuachia. Jambo jingine alilonifundisha ni kwamba mtu akianza kutetemeka nisimshike wala nisimwambie ajikaze. Nimfunike, nikae karibu, mwili umalize shughuli yake.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Bunda. Nikamkuta Mafuru uani kwa kaka yake anachambua pamba, kofia ya sufu kichwani juani. Hakuna kinyozi aliyekuwa ameruhusiwa kumsogelea, kwa hiyo kichwa kilikuwa bado nusu kwa nusu! Aliponiona akasimama. "Usinisogelee."

Nikakaa pale pale mlangoni, mbali naye, mbele ya macho yake. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia, "Shingo ni yako, sikuja kuigusa. Nimeleta samli. Ukitaka nitakukanda mikono, na ukisema basi naachia."

Akaingia ndani, akatoka na beseni la maji ya moto. Akaloweka mikono yake mwenyewe, akanipa mmoja kama mtu anayetoa mkono kwa mbwa asiyemjua. Sijafika kiganja akasema basi. Nikaachia. Akanitazama. Akanipa tena. Basi. Nikaachia. Siku ile alisema basi labda mara thelathini, na nyingine alisema kwa makusudi, namjua. Mwisho akacheka, "Kumbe kweli unaacha!"

Nilikwenda kila Jumapili. Bandu bandu huisha gogo. Mikono, kisha nyayo, kisha vigimbi vya miguu. Siku moja miguu yake ilitetemeka mpaka beseni likagongagonga, nami nikamfunika shuka nikakaa. Alilia, akamtaja mwenzake kwa jina kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akalala usingizi mchana kweupe. Kaka yake alikuwa amemtafutia na mganga mmoja wa zahanati aliyejua kuongea na watu waliopatwa na makubwa, akawa anakwenda kwake kuzungumza. Nikutajie na huyo, usije ukadhani kinyozi ndiye alifanya yote.

Mwezi wa tatu wa safari zangu, Mafuru alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akajiwekea mwenyewe begani. Mimi nikauma ulimi, maana mdomo wangu unaujua. Jumapili iliyofuata akaniambia, "Leo mkono wako uje hapa." Nikauweka begani, mwepesi, hata nzi angeuzidi uzito. Akahesabu mpaka kumi, akasema basi. Tukacheka wote wawili kama wajinga. Siku hiyo hiyo aliniruhusu nimalizie ule upande wa kichwa, kwa mkasi, akishika kioo mwenyewe aone kila ninapopita.

Ndipo akaomba mkewe aje na mtoto. Nyamisi alipofika Nyangeta alijificha nyuma ya gauni lake, alikuwa amesahau kidogo na kukumbuka kidogo. Mafuru akakaa chini kwenye mkeka, akamwita mtoto aje kwa mbele. "Mama, tucheze. Unamkumbatia baba. Baba akisema basi, unaachia. Sawa?"

Mtoto akaja. Akamzungushia vile vimikono. Nilimwona Mafuru anakaza taya, jasho likamtoka. "Basi." Mtoto akaachia, akapiga makofi. Akaja tena. "Basi." Akaachia, anacheka. Tena. Na tena. Sikuhesabu, nilikuwa najifanya natazama kuku. Halafu nikasikia kimya. Nikageuka. Nyangeta ameng'ang'ania shingo ya baba yake, na Mafuru amefumba macho, amemkumbatia, anayumbayumba naye, wala hasemi neno. Nyamisi amejiziba mdomo na kanga. Wakakaa hivyo mpaka mtoto mwenyewe akachoka, akasukuma kifua cha baba yake, akasema, "Baba, basi!"

Mafuru akamwachia pale pale. Jumatatu walirudi Musoma wote watatu.

Mwanangu, leo mjini kuna vyumba vya masaji, vitanda virefu, mafuta ya kunukia, na vijana waliosomea. Vizuri sana, mimi sina wivu, au ninao kidogo. Lakini uwe umesomea au hujasomea, iko siku utaletewa mtu aliyepatwa na makubwa. Pengine ni mumeo, pengine ni jirani aliyenusurika ajali. Usimvizie hata kwa mapenzi. Kaa anapokuona, muulize, na uanzie mbali na kidonda. Akitetemeka mwache atetemeke, na penye mganga mpeleke, kuuliza si ujinga. Usimwambie ameshapona kwa kuwa anacheka. Na akisema basi, achia pale pale. Usimalizie hata kidogo, maana mtu huanza kupona siku anapogundua kwamba neno lake lina nguvu juu ya mikono ya mwingine.

Na kama aliyepatwa na makubwa ni wewe, usione haya kusema basi mara thelathini. Anayekupenda ataachia mara thelathini, na Jumapili atarudi.

Mungu wa baba zetu akupe mikono yenye joto na masikio makubwa kuliko nguvu zako. Akujalie usingizi mtulivu. Watoto wako wakukumbatie bila hofu, nawe uwakumbatie mpaka wachoke wao. Amina.