Swichi ya Mshika Kipaza Sauti
Kikao cha baraza la mji kikianza, mshika kipaza sauti hatulii. Hukifuta kwa kiganja, hukigonga kwa ukucha, humwekea mwananchi mdomoni bila kukiachia, na jicho lake haliondoki kwenye kidole cha mwenyekiti. Kidole kikiinuka tu, dole gumba lake huzima. Zamani mtu alisimama akasema mpaka yakamtoka yote ya moyoni, na wakubwa wakatega sikio. Siku hizi maneno ya watu yamewekewa swichi, na swichi kashikishwa yeye.

Leo kasimama bibi mmoja mfua nguo. "Waheshimiwa, mtaro wetu hauna mfuniko. Mjukuu wangu katumbukia, kavunjika mguu. Mnangoja afe nani?" Kidole kikainuka. Mshika kipaza akabadilisha mguu, dole gumba likapapasa swichi.

"Mwanangu, na wewe unanizima?" bibi akamnong'oneza, na ukumbi mzima ukasikia.

"Zima, wewe!" mwenyekiti akafoka.

"Shika mwenyewe, mama," mshika kipaza akamwambia bibi, akamwachia kipaza mkononi, akaenda kusimama ukutani, asijue pa kuiweka mikono yake.