Abdulhafidh Anataka Magari Yasiyogusana

Mwaka 2003, pale Fort Worth, kulikuwa na Mmombasa aliyeendesha gari la mbio kwa Kiswahili. Usicheke. Abdulhafidh siku za kazi alivuta magari mabovu barabarani, na Jumamosi alishindana katika mbio za magari ya bodi, yale yanayofanana na gari la saluni la mjomba wako ila yana roho ya faru. Humo kukumbana ni ruhusa. Mtu akikupiga bampa, nawe wampiga, kisha mwapeana mikono mkichukiana.

Gari lilijengwa na kakake, Abdulghafur, mwenye ulimi kama msasa. Wakati wa mbio Ghafur alisimama juu ya jukwaa na redio, akimwongoza: nani yuko nyuma, lini apite. Washindani walizoea kusikilizana redio, kwa hivyo ndugu hawa walisema Kiswahili, na Wazungu wakaambulia maumivu ya kichwa.

Kisha timu moja ya Houston ikampigia Hafidh simu. Hao walishindana kimataifa, kwa magari membamba, matairi yamechomoza nje kama miguu ya kaa. Huko tairi likigusa tairi, gari laruka. Njoo Jumanne tukujaribu, wakasema. Ukifaa, msimu ujao uko nasi Brazil na Ujerumani. Mafundi tunao, usilete mtu.

Hafidh akamwambia Khairiya, mke wa Ghafur, akamwomba atunze siri. Khairiya akaitunza mpaka Jumamosi, mbio zishaanza, ndipo akampigia mumewe.

"Hafidh," redio ikalia.

"Naam, kaka."

"Jumanne wenda wapi?"

Hafidh akamaliza kona kwanza.

"Nani kakwambia?"

"Ukuta. Waniachia chuma hiki nikilee peke yangu?"

"Sijaamua, kaka. Nafikiria."

"Mtu anayefikiria hamwambii mke wangu kabla yangu!"

"Ningekwambia ungenitukana."

"Si nakutukana hata sasa? Mbwa we! Kuna mtu nyuma yako, mzibe!"

"Leo sigongani na mtu, kaka. Nikivunjika mkono, Jumanne imekwenda. Nikisukumwa napisha."

Sasa, Wapwani tuna ugonjwa mmoja: twadhani Kiswahili ni mali yetu, wengine wameazima. Asubuhi ile Ghafur alimsikia Mkongomani mmoja wa Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi, jina lake Bisimwa, akisalimia watu getini. Akacheka mbele yake: "Hicho nacho ni Kiswahili?" Hakuuliza Bisimwa kaja na nani. Alikuja na Travis, mpinzani wao mkubwa. Walifanya kazi ghala moja. Na sasa Bisimwa alikuwa ameketi na redio sikioni, akimwambia Travis kwa Kiingereza: huyo leo hajibu, msukume tu.

Travis akasukuma. Hafidh, aliyekuwa akiongoza, akayumba.

"Mjibu!" Ghafur akapiga kelele. "Mjibu, mwanaharamu we!"

Travis akasukuma tena. Hafidh akainua mguu kwenye mafuta, Travis akapita, na mbio zikaishia hapo kwa yeyote mwenye macho.

Walipokuwa wakipakia gari, Bisimwa akaja. "Jambo yenu, bandugu. Mulikuwa munagombana sana mu radio."

Ghafur akaduwaa. "Kumbe hata nyinyi mwasikia?"

"Tunasikiaka, baba. Ni nyie hamutusikiaka."

Hafidh akamrukia, lakini kakake akamshika kola. "Mwache. Yeye katafsiri tu. Mguu ulioinuka ni wa nani?"

"Ulitaka nife hapa?"

"Nilitaka umgonge! Gari hili nimelijenga ligongwe. Wewe ushaondoka zamani, hapa umeniletea ovaroli tupu."

"Na wewe umenifunga kwenye gari lako kama mbuzi kwenye mti! Nazunguka, nazunguka, na sifa zote zako. 'Gari la Ghafur, gari la Ghafur.' Lini umesikia dereva wa Ghafur?"

"Leo. Wote wamemwona."

Hafidh akatoa simu, akampigia mtu wa Houston palepale, akamwambia Jumanne anakuja. Alisema kwa sauti. Ghafur alikuwa akikaza mnyororo wa mwisho. Akaukaza, akamvua mdogo wake redio shingoni bila kumtazama, akawasha lori na kuondoka.

Hafidh alirudi mjini kwa lifti ya Bisimwa.