Ghorofa ya Tatu ya Kwetu

Siku ile tulikuwepo mimi, niliyekuwa getini nikikata tiketi; mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa juu akiosha magari; mzee mmoja mstaafu, mkazi wa mtaa wa Pasiansi, mwenye gari dogo jeupe; na askari wa zimamoto, wakiongozwa na mwanamke mrefu mwenye sauti nzito. Wengine walikuja kutazama tu, siwahesabu.

Mchana, mzee alishuka kutoka ghorofa ya kwanza ya jengo letu la maegesho, anahema.

“Shikamoo,” nikasema.

“Marahaba, binti. Gari langu linaungua.”

Nilibeba mtungi wa kuzimia moto, tukapanda wote. Moshi ulikuwa unatoka chini ya boneti, na mzee alikuwa ameshanyoosha mkono aifungue.

“Usifungue, mzee. Ukifungua unauongezea moto hewa.”

Nilipuliza unga kupitia mbele mpaka mtungi ukaisha. Moto ukarudi. Tairi likapasuka, nikamvuta mzee tukashuka. Dari zetu ni za chini, kwa hiyo moshi ulikosa pa kutokea, ukatambaa darini na kuanza kupanda juu. Huko juu ndiko alikokuwa mdogo wangu.

Nilimpigia simu, ikaita mpaka ikakata. Nikajua. Saa zile, akimaliza kuosha, huingia kwenye gari la mteja, akafunga vioo na kulala. Nilipanda ngazi kumfuata, moshi ukanirudisha. Nikapanda tena, ukanirudisha nikitapika.

Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule darasa la sita, huyu akiwa bado anabebwa mgongoni. Nimewalea wote, lakini huyu hakumjua mama mwingine.

Gari la zimamoto halikuweza kuingia kwa sababu ya urefu wake. Askari wakavuta mpira wa maji kwa mikono, wakapita ngazini.

“Kuna mtu juu?” aliuliza yule mwanamke.

“Mdogo wangu. Ghorofa ya tatu, amelala kwenye gari la bluu.”

Akavaa barakoa, akapanda na mwenzake. Mimi nilibaki na dereva wao, tukisikiliza redio yake.

“Tatu hakuna gari la bluu,” sauti ya yule mwanamke ikasema. “Tumepapasa yote.”

Hapo nikaelewa nilichofanya. Sisi wafanyakazi tunasema chini, halafu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliyepaka namba kwenye nguzo alianza na moja hukohuko chini. Tulizoea, hakuna aliyejali.

“Mwambie apande tena,” nikamwambia dereva. “Ya tatu ya kwetu imeandikwa nne.”

Dereva alinitazama, kisha akamwambia. Kwenye redio nikasikia kipenga kinalia bila kukoma.

“Hicho ni nini?”

“Hewa ya mtungi wake inaisha. Kikilia, anatakiwa kushuka.”

Mzee alikuwa amenishika mkono, sijui tangu saa ngapi.

“Napanda,” yule mwanamke akasema.

Walitokea ngazini wakimburuta kwa kwapa. Mdogo wangu alikohoa makohozi meusi, akaniita dada, nikakaa chini karibu naye. Yule mwanamke alivua barakoa.

“Mdogo wako mzito,” akasema. “Unamlisha nini?”

“Ugali na sato.”

“Punguza.”

Baadaye nilimpelekea kuku kituoni kwao. Alinipokea vizuri, lakini akakataa kumchukua kuku.

“Si wewe niliyekubeba,” akasema. “Aje mwenyewe anisalimie, inatosha.”

Nikafikisha ujumbe. Mdogo wangu sasa ana ndevu, na waosha magari wenzake wanamwita Bwana Usingizi. Anaona aibu. Siku hizi akirudi nyumbani Mabatini anazunguka njia ya nyuma, asipite mbele ya kituo cha zimamoto.

Ada ya shule nilimlipia, na alipovunja dirisha la jirani niliomba radhi kwa niaba yake. Hili la kwenda kusalimia siwezi kumfanyia, na yule mwanamke anajua kwamba siwezi.

Jana nilimkumbusha tena. Aliinama akafunga kamba za viatu, polepole, kimoja halafu kingine.

“Kesho, dada,” akasema.