Dawa Niliyompa Mama Mkwe

Nauza dawa kwenye duka langu hapa Zinga, na mtu akiniita daktari huwa sikatai. Mama mkwe alipoanza kuharisha nilimpa vidonge vya rangi mbili. Hakupona, nikampa vingine vikali zaidi, na mtindi wake nikaupiga marufuku kana kwamba nilisomea.

Wiki ya tatu tulimpeleka hospitali, amebaki mifupa mitupu. Daktari alisema dawa zimeua vijidudu vinavyolinda utumbo, vile vibaya vimetawala, na huenda asipone.

"Nani alikuwa anakupa dawa hizo, mama?"

Mimi nikaangalia sakafu. Mama mkwe akanyanyua kidole kwa shida, akaninyooshea kwa fahari.

"Daktari mwenzako huyu, mwanangu. Mkwe wangu."