Paswadi ni Bilibili

Siku hiyo nilifungua rumu ya gemu mtandaoni, nikaweka paswadi: pilipili. Nikawapigia mabinamu wangu wa Modogashe na kabambe ya mama, kale kasimu ka vitufe, nikawatajia. Wakaandika "bilibili", maana hivyo ndivyo nilivyotamka; sisi Wasomali P hututoka kama B. Gemu ikawakataa.

Kijana wa Nairobi, tuliyezoea kucheza naye, alikuwa ameshaingia. Akanisikia kwa maiki, akacheka mpaka akakohoa.

"Nyinyi P mliuzia nani? Wachana na hao, tuanze!"

Niache watu wangu nje sababu ya herufi? Wallahi, siwezi. Nikafunga rumu, nikafungua ingine, paswadi bilibili. Mabinamu wakaingia mara moja.

Yule wa Nairobi akaniandikia, "Pilipili imekataa!"

Nikamjibu, "Wariya, andika vile tunasema."