Kanusi Aliyeimbia Shimo la Mwenyekiti

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, Ta Rwezaura, mwenyekiti wetu wa kijiji, akimvuta mbwa wangu kwa kamba ya mgomba huku watu wakipiga makofi. Mbwa ananitazama mimi. Wajomba wawili wamenishika mikono nisije nikamrukia mtu mzima.

Ngoja nirudi nyuma. Huku kwetu Nshamba kulikuwa na mbwa aitwaye kanusi. Ninyi hamkumwona. Masikio yake yalikuwa na rangi ya ziwa, na hakubweka, aliimba. Kazi yake ilikuwa ndizi. Tukizivundika shimoni kwa ajili ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, yeye huzunguka akinusa. Zikiwa bado, kimya. Zikiiva, huinua pua akaimba, na mlima mzima ukajua kesho ni kukanyaga ndizi kutoa maji yake.

Kanusi hanunuliwi. Akiwa mdogo unapasua tunda la kahawa lenye punje mbili: moja unatafuna wewe, ya pili anatafuna yeye. Basi, mmekuwa ndugu. Wangu nilimwita Mugisha.

Ukaja ujamaa. Mimi sikuuchukia, tulilima pamoja na vicheko vilikuwa vingi. Lakini Ta Rwezaura akasimama mkutanoni: "Mbwa wa mtu mmoja ni ubepari! Kuanzia leo Mugisha ni wa kijiji."

Bibi yangu akainuka. "Waitu mwenyekiti, huyo wa kijiji, jioni atakula kwa nani?"

"Atakula kwangu, kwa niaba yenu."

"Ahaa! Kumbe kijiji kina mdomo mmoja."

Walicheka sana, ila mbwa akaenda.

Huko Mugisha akagoma kuimba. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa yule ulikuwa na kamba tu. Ndizi za kijiji zikafukuliwa mbichi, rubisi ikawa kama maji ya kuoshea sufuria.

Siku moja wageni wakaja kutoka Bukoba kuona maendeleo. Nilikuwa nimewabebea viti. Tulipofika kwa mwenyekiti, Mugisha akasikia harufu yangu, akakata kamba, akanilamba mpaka masikio. Nikamnong'oneza, "Imba, ndugu yangu." Akakimbilia nyuma ya nyumba, akaketi juu ya udongo mpya, akainua pua. Aliimba jamani! Wageni wakataka pafukuliwe. Ikatoka mikungu ya shamba la kijiji, imeiva vizuri, inanukia.

"Nilikuwa nawatunzia," akasema Ta Rwezaura.

"Kwa niaba yetu!" Bibi akaitikia, na mgeni mkubwa akacheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake Mugisha hakuonekana. Ta Rwezaura akasema amekimbia. Akimbilie wapi? Kanusi akitoroka huja kwa nduguye, na mimi sikuhama.

Mwanangu, mimi darasa la nne tu, lakini shika hili. Ukiambiwa kitu ni cha wote, usipige makofi haraka. Kwanza uliza jioni kitalala kwa nani. Anayekujibu kwa hasira, chungulia nyuma ya nyumba yake. Mungu akupe shimo lililoiva na ndugu wa kukanyaga naye, na kicheko kisikuishe hata ukidhulumiwa.

Ta Rwezaura yupo, amenenepa, anakaa Kagondo, na kwenye harusi huketishwa mbele. Ukimkuta mwamkie vizuri, ni mzee. Kisha muulize mbele za watu, na usiondoke mpaka ajibu: Mugisha ulimpeleka wapi?