Nguo ya Manjano Ukutani

Nyakuoth alijulikana katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa mabango ya saluni aliyoyachora. Wateja waliingia wakimwambia msusi, "Nisuke kama yule wa nje." Kwa hiyo mwaka 2012, Mureithi, mtu wa Nyeri aliyesimamia mradi wa maji kambini, alipomwomba apambe ukuta wa karibu na bomba, hakubabaika.

"Andika 'Maji ni uhai'," Mureithi alisema.

"Hayo watu wanasoma wanapita. Niachie ukuta, watasimama."

Akachora bomba lililoachwa wazi, mtungi unafurika, na kando yake mwanamke mrefu mwenye nguo ya manjano amegeuka kupiga soga. Asubuhi watu walisimama kweli, wakicheka hadi machozi.

"Si huyu ni Awut!"

Awut mwenyewe akaja, mtungi mtupu mkononi, uso umemvimba kwa hasira. "Hii nguo ni yangu. Hii shingo ni yangu. Unanianika mbele ya watu?"

Nyakuoth hakukana. Alikuwa amemwona hivyo hivyo pale bombani, na ile nguo ikamkaa machoni. "Ni wewe, mama," alisema kwa utulivu. "Na maji yalimwagika. Lakini ukuta bado una nafasi. Simama hapo, nikuchore ukifunga bomba."

Awut aliutazama ukuta, akamtazama mchoraji, kisha akaweka mtungi chini.

"Basi shanga zangu usisahau."

Picha ya pili ilitoka nzuri kuliko ya kwanza. Tangu siku hiyo, aliyeacha maji yamwagike alimsikia Awut kabla hajamwona: "Funga! Ama unataka kuchorwa?"

Habari zilifika mjini Lodwar. Mwaka uliofuata Mureithi alimtafutia Nyakuoth kibali cha kutoka kambini, akampa ukuta mrefu karibu na soko. Safari hii alitaka picha ya ukame: mizoga ya mbuzi na ardhi iliyopasuka. Nyakuoth alikuwa ameshaanza kuchora mbuzi wa kwanza pale Nabei, mama wa Kiturkana aliyeuza mikeka hapo, aliposogea.

"Ejok," alimsalimu. "Hao mbuzi waliokufa ni wa nani?"

"Wa ukame, mama."

"Wangu walikufa. Sihitaji kukumbushwa nikiuza mikeka. Mvua siku hizi haina msimu. Chora tunavyoishi na hali hiyo."

"Mnaishi nayo vipi?"

Nabei akampeleka kwenye mto uliokauka. Wanawake walikuwa ndani ya visima vya mchangani, mmoja chini ya mwingine, wakipokezana bakuli la maji. Kingoni ilisimama migunga ambayo hakuna aliyethubutu kuikata, maana mizizi yake ndiyo iliyoshika udongo.

Nyakuoth alirudi, akafuta mbuzi, akachora wale wanawake visimani na migunga ya kingoni. Mureithi alipouliza, alimwambia, "Ya kuogopesha wanayo nyumbani. Picha hii wataitumia."

Mureithi akacheka, akamshikia ngazi. Ukuta ulipokamilika, Nyakuoth aliandika jina lake pembeni kwa herufi kubwa kuliko alizowahi kuandika kwenye saluni yoyote, akashuka kwenda kunawa.